"Weka Hicho Pale": Kompyuta Ilipofunzwa Kufuata Mkono

Kipanya kilikuwa bado hakijazoeleka mezani wakati mtu mmoja alipoketi kitini katika taasisi ya MIT, Marekani, akanyoosha mkono kuelekea ukutani na kuiambia kompyuta: "Weka hicho pale." Ikatii. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1980 na Richard Bolt, mtafiti katika kundi lililoongozwa na Nicholas Negroponte.

Ukuta mzima wa mbele wa chumba hicho ulikuwa skrini, na juu yake yalichorwa maumbo ya rangi mbalimbali: duara, mraba, almasi. Mtumiaji alivaa maikrofoni. Kwenye kifundo cha mkono alifungwa mkanda kama wa saa, wenye kijichemraba kilichonasa uga wa sumaku, na kwa hicho kompyuta ilijua mkono unaelekea wapi. Mashine ya kutambua sauti, ya kampuni ya NEC ya Japani, ilimudu maneno 120 tu, tena yasizidi matano kwa mkupuo.

Msamiati finyu namna hiyo ulitosha vipi? Hapo ndipo ninapomvulia kofia Bolt. Kueleza kwa mdomo mtupu kwamba mraba wa buluu, ule ulio chini ya duara la kijani, usogezwe kulia ni maneno mengi, na kila neno linaweza kusikika vibaya. Mkono ukishaonyesha, maneno mawili matatu yanamaliza kazi.

Kwa miaka mingi wengi walidhani watu husema na kuonyesha kwa pamoja. Katika miaka ya 1990, huko Oregon, Marekani, mtafiti Sharon Oviatt aliwachunguza watu wakitumia kalamu na sauti kwenye ramani za kompyuta, akakuta kwamba mara nyingi kalamu hutangulia, neno likafuata. Mwaka 1999 akaonyesha jambo kubwa zaidi: njia hizo mbili husahihishana. Sauti ikieleweka vibaya, alama ya kalamu huondoa utata. Na walionufaika zaidi ni waliozungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kigeni, wale ambao mashine iliwakosea mno ilipotegemea sauti peke yake.

Matokeo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Wanaotengeneza leo programu za kusikiliza Kiswahili, chenye lafudhi za Unguja, Nairobi na Bukavu, wasiishie kwenye maikrofoni. Simu ina kioo cha kugusa. Wakiache kidole kisaidie.