Msitu Ulioota Timboni

Saa tisa alasiri ni saa ya twiga. Wageni wote wa Haller Park, watoto kwa wazee, husogea pale wanapolishiwa, kila mmoja na konzi lake la chakula kiganjani, wakingoja ule ulimi mrefu wa kijivu uje uuzoe. Jumamosi moja nilikuwa hapo na wanangu wawili, pamoja na mamangu mzazi. Kifungua mimba wangu, wa miaka tisa, alikuwa keshajipenyeza mbele. Mdogo wake, wa miaka sita, sikumwona. Nilipogeuka nilimkuta amechutama kando ya njia, chini ya mvinje, anamtazama jongoo.

Alikuwa jongoo mweusi, mnene kama kidole changu cha shahada, na miguu yake myekundu. Alipita juu ya majani makavu bila haraka, miguu ile ikiinuka na kushuka kwa zamu, kama upepo unavyopita juu ya mpunga. Kila baada ya hatua chache alisimama, akainamisha kichwa, akatafuna. Ukimkaribia sana uliweza kuliona jani likipungua.

Nilitaka kumwita mtoto tusipitwe na twiga. Mamangu akanishika mkono. "Mwache amtazame," akasema. Nikamwacha, na baadaye nikashukuru kwamba nilimwacha. Katika viumbe wote wa bustani ile, ukiwahesabu viboko na mamba na nyati, hakuna aliyefanya kazi kubwa kuliko yule aliyekuwa miguuni pa mwanangu.

Nimekulia Kisauni, na utotoni mwangu wakubwa walipotaja mahali hapa walisema "timboni". Hawakusema msituni. Mara nyingine huwasikia wageni wakisifu bahati ya Mombasa kupata msitu mzuri namna hii kando ya barabara ya kwenda Malindi, hatua chache kutoka ufukoni, nami hutamani kuwashika bega niwaambie kwamba hapa hapakuwa na bahati yoyote. Hapa palikuwa na shimo.

Ukanda wote huu wa pwani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, tunapotembea leo palikuwa chini ya maji, na matumbawe yalijijenga kama yanavyojijenga hadi leo kule mwambani. Bahari ilishuka, mwamba ukabaki mkavu. Wazee wetu waliuchonga wakajenga misikiti na majumba ya Mji wa Kale, na chokaa ya kupakia wakaipata kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Walichukua kwa mkono, na mwamba haukuonyesha kwamba umepunguzwa.

Mtambo ulikuja karne iliyopita. Mwaka 1951 Felix Mandl, wa kampuni ya Cementia ya Uswisi, alianzisha kiwanda cha saruji Bamburi, na mwaka 1954 saruji ikaanza kutoka. Nchi ilikuwa inajengwa; saruji ilitakikana kila mahali. Miti iliondolewa, udongo wa juu ukaondolewa, mwamba ukapasuliwa kwa baruti na kubebwa kwenda kusagwa na kuchomwa. Walichimba hadi wakakaribia maji ya chini ya ardhi, ambayo kwa ujirani wa bahari yana chumvi, kisha wakasogea mbele. Nyuma yao ilibaki sakafu ya jiwe jeupe, pana, isiyo na kivuli wala tone la udongo. Jua la mchana lilipopiga juu ya weupe ule, ilimbidi mtu kufumba macho nusu.

Mamangu aliliona shimo hilo. Alikuwa msichana, na safari ya kwenda kuzuru jamaa Bamburi ilianza kwa kuvuka daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu 1931 hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Anachokumbuka zaidi ya daraja ni vumbi. Anasema majani ya miti ya karibu na kiwanda yalikuwa meupe, na nguo hazikuanikwa pepo zikiwa upande fulani.

Sisemi haya kwa kulaumu. Marehemu babangu alikuwa mwashi. Nyumba nilimolelewa, msingi wake, kuta zake, ngazi mbili za mbele nilizokuwa nakalia jioni, alizijenga mwenyewe, na kila mfuko wa saruji aliubeba begani kutoka barabarani. Nikisimama ukingoni mwa timbo huwa najua kwamba sehemu ya shimo hili ni nyumba yetu. Nadhani watu wengi wa Mombasa wangeweza kusema hivyo. Ndiyo maana naona historia ya hapa inatuhusu sote, wala si hadithi ya kampuni peke yake.

Mwaka 1959 kampuni ilimwajiri René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha bustani na cha nchi za joto, ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye shamba la kahawa Tanganyika. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kulima mboga na matunda kwa ajili ya wafanyakazi. Miaka ikapita, matimbo yakazidi kupanuka, na ndipo alipopewa kazi ya kuyafunika kwa kijani. Mwaka 1971 alishuka timboni na miche ya aina 26. Ilipandwa moja kwa moja kwenye mawe yaliyovunjwavunjwa, pasipo udongo wa kuletwa kutoka kwingine.

Aina 23 zilikufa. Zilizosimama ni tatu: mnazi, mti uitwao kitaalamu Conocarpus lancifolius wa nchi za Somalia na Yemen, na mvinje.

Mvinje tunaujua. Ndio unaosimama mstari wa mbele ufukoni, upepo ukipita ndani yake unavuma kama bahari ya pili, na nguzo zake ndizo mafundi wanazojengea jukwaa la kupandia ghorofani. Umezoea chumvi na mchanga usio na rutuba. Siri yake imo mizizini: humo huishi bakteria waitwao Frankia, wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuupa mti. Yaani mvinje huja na mbolea yake mwenyewe. Pale timboni ulipanda juu kwa kasi, na baada ya miaka michache sakafu nyeupe ikaanza kupata kivuli.

Lakini kivuli peke yake hakifanyi msitu. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, hudondoka mwaka mzima, na yana tanini nyingi, kwa hiyo hayaozi upesi. Yalirundikana. Chini ya miti palikuwa na zulia kavu la kahawia, zuri kwa macho, lisiloweza kuotesha chochote. Haller alikuwa na miti, ila alikosa udongo. Mti ukifa angelazimika kuanza tena kwenye jiwe lile lile.

Ndipo jongoo akaingia. Huyu wa miguu myekundu ni wa kwetu pwani, kila mtoto amewahi kumgusa kwa kijiti aone akijikunja. Haller aligundua kwamba anayala majani ya mvinje. Wakakusanywa jongoo mamia kutoka sehemu za Mombasa, wakaachiliwa timboni. Jongoo anatafuna lile jani gumu, na kinachotoka nyuma yake ni punje laini ambazo vijidudu vya ardhini vinaweza kuzimalizia. Punje hizo zikawa mboji. Mboji ikajaza nyufa za mwamba, ikatandaa, ikashika maji ya mvua. Juu yake ikapandwa miti mingine, ikiwemo ya asili ya pwani, na safari hii haikufa. Ndege nao wakaleta mbegu walizozitaka wao.

Mimi sijui kisa kingine cha mji wetu kinachonigusa kama hiki. Baruti ilitoa mwamba, na kilichorudisha udongo ni tumbo la mdudu ambaye mtu akimkuta mlangoni humfagilia nje.

Vitabu humtaja Haller, na anastahili kutajwa. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulimwingiza mwaka 1987 katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Ila mashimo ya miche hayakujichimba. Yalichimbwa na vibarua, juani, kwenye jiwe, na mikono iliyookota wale jongoo mmojammoja ni mikono ya watu wa hapa hapa. Majina yao siyaoni kwenye ubao wowote ninapopita, na kila nikipita huwatafuta.

Baada ya udongo, mengine yalifuatana. Maji yalipofikiwa yalifanywa mabwawa, wakafugwa perege. Wakaletwa mamba na viboko. Pofu na choroa wakapewa nafasi ya kulisha chini ya miti. Haller alishikilia kwamba kila kitu kilishe kingine: maji ya samaki, yenye uchafu wao, yakanyweshe mimea badala ya kumwagwa. Mwaka 1984 njia ya kutembelea ilifunguliwa kwa watu wote, na miaka ya baadaye mahali pakapewa jina lake. Timbo jingine jirani nalo likageuzwa msitu wa njia ndefu za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, uitwao Bamburi Forest Trails. Huko ndiko mwanangu mkubwa alikojifunzia baiskeli. Nilikimbia nyuma yake nimeshika kiti, nikakiachilia, naye akaendelea kati ya mivinje bila kujua kwamba yuko peke yake.

Zamani, ukisema Mombasa unawatoa watoto matembezi, ilikuwa ni Lighthouse, yaani Mama Ngina: mihogo ya kukaanga, madafu, meli zikiingia Kilindini, na mibuyu ambayo hakuna ajuaye nani aliiona ikiwa michanga. Bado tunakwenda, hasa tangu palipotengenezwa upya mwaka 2019. Lakini Mama Ngina ni pahali tulipokuta pazuri, tukaongeza viti na taa. Huku Bamburi kila kivuli kimetafutwa. Nikiwa na watoto napenda waone yote mawili, na kwanza hili la pili.

Dunia nzima ililijua jina la Haller Park kwa sababu nyingine. Disemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alionekana amekwama mwambani huko Malindi, peke yake, amepoteza wenziwe. Watu walihangaika naye kwa nyavu na kamba hadi wakamtoa, akapewa jina la Owen, jina la mmoja wa waliomwokoa, akaletwa hapa. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aitwaye Mzee, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130 hivi, akajificha ubavuni pake. Mzee mwanzoni hakumtaka, akawa anamkimbia kwa mwendo wake wa kobe. Kisha akamzoea. Wakawa wanalala pamoja, wanaogelea pamoja. Wanangu wana kitabu cha Owen na Mzee, na ukurasa wa wawili hao wamelala umelegea kwa kufunuliwa. Nami hufikiri: kama Haller na watu wake wangekata tamaa baada ya zile aina 23 za miche kufa, Owen angepelekwa wapi?

Kiwanda kimebadilisha wenyewe mara kadhaa, na Disemba 2024 kilinunuliwa na Amsons, kampuni ya Tanzania. Saruji inaendelea kutakikana, na mwamba unaendelea kuchimbwa nchini. Ninachoombea ni kwamba mwenye kiwanda, awaye yeyote, ahesabu udongo kuwa sehemu ya bei ya mfuko tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Bamburi imeshaonyesha kwamba inawezekana, na imeonyesha pia muda unaotakiwa. Shimo la mwaka mmoja lilihitaji miaka mingi ya mvinje na jongoo.

Siku ile nilimsimulia mwanangu haya kwa maneno ya kimo chake, tukiwa tumeketi kwenye gogo. Alisikiliza, kisha akauliza udongo wa jongoo umefika wapi kwa chini. Sikuwa na jibu. Mamangu alikuwa na mwavuli. Aliinama taratibu kwa sababu ya magoti yake, akasukuma majani kando, akaingiza ncha ya mwavuli ardhini. Iliingia vizuri, udongo mweusi ukitoa harufu ya mvua. Kabla haijafika shubiri moja ikagonga: ko.

Akagonga tena ili tusikie. "Hilo ndilo timbo lenyewe," akasema.

Mtoto akaweka sikio karibu, akagonga na yeye mara mbili. Halafu akakifukia kile kitundu kwa kiganja, akakisawazisha, akarudisha majani ya mvinje juu yake yalivyokuwa. Akasimama, akamruka jongoo kwa uangalifu asimkanyage, tukashika njia ya bwawani. Saa kumi ilikuwa imekaribia, na saa kumi ni saa ya viboko.