Kwa Nini Uvimbe wa Figo wa Mtoto Hupimwa Alama za Seli?

Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kugundua. Anamwogesha mtoto, anahisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Utrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye figo. Baadaye kipande cha uvimbe, au figo iliyotolewa kwa upasuaji, hupelekwa maabara, nawe unaambiwa usubiri majibu. Wanatafuta nini?

Alama za seli ni nini?

Kila seli ya mwili hubeba protini zinazoonyesha ni ya aina gani na imekomaa kiasi gani. Hizo ndizo alama. Mtoto akiwa tumboni, seli zinazojenga figo huwa na alama iitwayo WT1. Kazi ya kuunda vichujio vya figo huisha takriban wiki ya 36 ya ujauzito, na baada ya hapo WT1 hubaki kwenye seli chache tu.

Kwa baadhi ya watoto, seli za ujenzi hazikomai. Zinaendelea kugawanyika na kuwa saratani iitwayo uvimbe wa Wilms. Ndiyo maana huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5.

Kwa nini hadubini peke yake haitoshi?

Saratani kadhaa za watoto hufanana: zote ni seli ndogo za mviringo. Mtaalamu wa maabara hutumia kingamwili zinazonasa alama fulani na kuipa rangi:

- WT1 huonekana mara nyingi kwenye uvimbe wa Wilms.
- PHOX2B huonyesha neuroblastoma, inayotokana na seli changa za neva, mara nyingi kwenye tezi iliyo juu ya figo.
- CD20 huonekana kwenye limfoma ya Burkitt.

Alama moja haitoi jibu. Mtaalamu huzisoma kadhaa pamoja, akilinganisha na picha na umri wa mtoto.

Majibu yanabadilisha nini?

Yanabadilisha matibabu. Limfoma ya Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa. Uvimbe wa Wilms huhitaji upasuaji pamoja na dawa kama vinkristini, na katika hospitali nyingi dawa huanza kabla ya upasuaji. Panapokuwa na huduma kamili, watoto takriban 9 kati ya 10 wenye uvimbe wa Wilms hupona, na mtoto anaweza kuishi vizuri kwa figo moja.

Je, ni kosa langu?

Hapana, mama. Hukusababisha kwa chakula ulichokula wala kazi uliyofanya ukiwa mjamzito. Watoto wachache huzaliwa na mabadiliko ya vinasaba. Daktari atakuambia kama ndugu zake nao wachunguzwe.

Ufanye nini?

- Ukihisi uvimbe tumboni au ukiona damu kwenye mkojo, mpeleke mtoto hospitali mara moja.
- Usimkande wala kumbonyeza tumbo. Uvimbe unaweza kupasuka.
- Muulize daktari: "Ni aina gani ya saratani, na imefika hatua gani?"
- Tunza nakala ya majibu ya maabara, uende nayo kila hospitali.
- Maliza dozi zote hata uvimbe ukipungua. Tumbo kurudi kawaida hakumaanishi seli zote zimekwisha.