Safari ya siku moja katika msitu wa Amani: saa, mvua na mawe

Msitu wa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, ni mahali ambapo mtembezi anaweza kutoka mjini alfajiri, akapanda njia za mawe chini ya miti mirefu na kurejea jioni ya siku hiyo hiyo. Mambo matatu huamua iwapo siku hiyo itakwisha salama: saa ya kuanza, hali ya mvua na namna ya kurudi. Asiyeyapanga akiwa bado Muheza anaweza kujikuta akishuka kwenye mawe yenye utelezi huku giza likiingia.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, ina ukubwa wa takriban hekta 8,380 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mgeni huingilia lango la Sigi, takriban kilomita 25 kutoka mjini Muheza. Hapo palikuwa mwisho wa reli nyembamba iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani kuteremshia mbao. Ada ya kuingia hulipwa kabla ya kuanza safari, na raia wa Tanzania hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni kutoka nje. Ni busara kuwasiliana na ofisi ya hifadhi mapema ili kujua viwango vinavyotumika, njia zilizo wazi na upatikanaji wa mwongoza wageni.

Usafiri ndio huvuruga mipango ya wengi. Mabasi ya Amani kwa kawaida hufuata mahitaji ya wakazi wa milimani, ambao hushuka Muheza asubuhi na kupanda alasiri. Mtembezi wa siku moja anahitaji kinyume chake. Kwa sababu hiyo, gari au bodaboda ya kwenda na kurudi ikubaliwe kabla ya kuondoka, pamoja na saa na mahali pa kuchukuliwa.

Anayepanda kwa miguu kutoka Sigi, palipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hadi Amani, takriban mita 900, asihesabu muda wake kwa kilomita. Mwinuko, mizizi na mawe hupunguza mwendo, na kushuka hakuna haraka kuliko kupanda kama wengi wanavyodhani. Magoti huchoka na unyayo hukosa uhakika. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, lakini chini ya majani mazito giza hutangulia. Kundi linaloanza saa 1 asubuhi na kujiwekea saa ya kugeuza, hata kama kilele hakijafikiwa, huwa na nafasi ya kupumzika na kutazama mbega. Wenye watoto au wazee wanaweza kufika Amani kwa gari na kutembea njia fupi zaidi, ikiwamo ya kilima cha Mbomole.

Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Januari, Februari na miezi ya Juni hadi Septemba hufaa zaidi, ingawa milima hii hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi na mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usomwe siku moja kabla. Jiwe lenye kuvu la kijani huteleza hata baada ya manyunyu, na kijito kilichovukwa kwa urahisi asubuhi kinaweza kujaa alasiri. Maji yakiwa yamepanda na kubadilika rangi, kivuko kiachwe.

Viatu viwe na soli yenye meno na vilivyokwisha kuzoeleka mguuni. Soksi ndefu husaidia dhidi ya siafu. Maji ya kunywa, chakula, koti la mvua, tochi na bandeji vinatosha kwa mkoba wa siku moja.

Mawe hayo hayo ni makazi ya Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalofugwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire kulipeleka Ujerumani kutoka Usambara. Huota kwenye nyufa zenye kivuli, mahali ambapo mkono wa anayepanda hutafuta pa kushika. Kulishika ni kuling'oa, na kuchukua mmea wowote hifadhini bila kibali hakuruhusiwi. Sabuni nayo isitumike vijitoni, kwani maji ya Mto Zigi huteremka hadi bwawa la Mabayani, chanzo cha maji ya Jiji la Tanga.

Simu isitegemewe mabondeni. Kabla ya kuingia msituni, kundi liwaachie watumishi wa lango majina, njia litakayopita na saa ya kurudi, kisha lijiripoti linapotoka. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.