Mtihani Unapoiacha Maabara

Mwaka 1886 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kudai jambo ambalo shule nyingi za sekondari za Marekani hazikuwa zimejiandaa nalo. Mwombaji aliyechagua njia ya fizikia ya maabara alitakiwa awe amefanya majaribio 40, alete daftari lake, kisha akae mtihani mbele ya vifaa vyenyewe. Orodha ya majaribio iliandaliwa na Edwin Hall, mwanafizikia aliyekuwa amejipatia jina tangu 1879 kwa ugunduzi wake kuhusu umeme na sumaku. Kabla ya hapo fizikia ya shuleni ilikuwa zaidi somo la kukariri kitabu. Muda si mrefu watengenezaji wakawa wanauza seti za vifaa zilizofuata orodha ile, na shule zikazinunua. Sharti la mtihani ndilo lililofungua milango ya maabara, na naamini historia yote iliyofuata inathibitisha jambo hilohilo: kisichotahiniwa kwa mikono hakidumu kufundishwa kwa mikono, isipokuwa pawe na nguvu nyingine ya kukilinda.

Chukua jaribio la pendulamu, ambalo karibu kila mwanafunzi wa fizikia Afrika Mashariki analijua. Uzi wa sentimita 100 hukamilisha mizunguko 20 kwa sekunde 40 hivi. Kuchelewa kubonyeza saa kwa sekunde 0.2 kungeharibu kabisa kipimo cha mzunguko mmoja; kukigawanywa kwa 20 kunabaki 0.01 tu. Mwanafunzi anaweza kuandika maelezo hayo kwenye karatasi bila kasoro, kisha akifika mezani aanze kuhesabu "moja" pale anapoachia gololi, badala ya "sifuri", na majibu yake yote yapotoke. Anaweza pia kupima uzi hadi juu ya gololi, si hadi katikati yake, au kusoma rula kwa jicho la upande. Makosa haya hayaonekani mtahiniwa anapopewa jedwali lililokwisha kujazwa na kuambiwa achore grafu.

Hivyo ndivyo unavyofanya mtihani mbadala wa vitendo, ambao Cambridge inautoa hadi leo na ambao Tanzania nayo iliutumia kwa miaka mingi kwa shule zisizo na maabara. Ulianza kama huruma, na huruma hiyo ilikuwa na msingi: si haki kumfelisha mtoto kwa kukosa jengo. Lakini pale mbadala unapokubalika, mkuu wa shule mwenye fedha kidogo hana sababu ya kununua mizani kabla ya madawati. Shinikizo likabaki kwa wanasiasa, hadi serikali ya Rais Kikwete ilipoagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara na kuweka mwisho wa Novemba 2014.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa Uingereza. Kuanzia 2015 alama za vitendo ziliondolewa kwenye daraja la A-level. Stadi hizo hupewa cheti cha pembeni cha kufaulu tu, na angalau asilimia 15 ya alama za karatasi hugusa maarifa ya maabara. Wengi walitabiri maafa, ila utafiti wa Ofqual, mdhibiti wa mitihani wa Uingereza, uliowapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo haukuona stadi zikiporomoka. Nauchukulia ushahidi huo kwa uzito. Lakini kule majaribio yasiyopungua 12 yaliwekwa kuwa ya lazima, wakaguzi wa bodi za mitihani hutembelea shule, na maabara zilikuwapo tayari. Mlinzi amebadilishwa, hakuondolewa.

Pingamizi zito zaidi ni kupika data. Anayejua kwamba jibu la jaribio la pendulamu, yaani mchapuko wa graviti, ni 9.8 hujaza jedwali kwa kurudi nyuma, na alama 40 za karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, zinamshawishi afanye hivyo. Dawa ipo ndani ya utaratibu wa mitihani yenyewe: mtahiniwa apewe springi au waya ambao thamani yake haimo kitabuni, na alama zitolewe kwa kulinganisha na vipimo alivyochukua msimamizi kwa vifaa vya shule hiyohiyo. Hapo mizani chakavu haimwadhibu mtoto, na anayetaka namba sahihi hana budi kupima.