Tathmini ya maisha ya bidhaa: mfuko wa sokoni Kasulu na Kibondo

Tathmini ya maisha ya bidhaa ni njia ya kupima madhara ya kitu kwa mazingira tangu malighafi yake inapochimbwa au kuvunwa, kinapotengenezwa, kinaposafirishwa na kinapotumika, hadi siku kinapotupwa. Ilianza kutumika kwa vifungashio: mwaka 1969 kampuni ya Coca-Cola iliiagiza taasisi ya Midwest Research Institute ya Marekani ilinganishe vyombo vya vinywaji, na leo kanuni zake zimo katika viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006. Wapo wanaoiita "tathmini ya mzunguko wa maisha". Siungi mkono neno hilo "mzunguko", kwa sababu linamwahidi msomaji kwamba kitu kitarudi kilikotoka. Mfuko unaofika Kasulu au Kibondo kwa lori haurudi kiwandani. Huishia katika shimo la taka, mtaroni, au kwenye moto wa uani. Maisha yake yana mwanzo na mwisho, na istilahi inayosema hivyo inatosha.

Ndani ya istilahi hiyo imo nyingine ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayobeba uzito wa jambo zima: kizio cha kazi. Hatulinganishi mfuko na mfuko, tunalinganisha kazi na kazi. Utafiti wa Idara ya Mazingira ya Denmark wa mwaka 2018 ulitaja kazi yake waziwazi: kubeba mara moja manunuzi ya lita 22 yenye uzito wa kilo 12 kutoka dukani hadi nyumbani. Mfuko wa pamba ya kilimo hai ulikuwa mdogo mno kwa ujazo huo, basi ukahesabiwa miwili badala ya mmoja. Miaka saba kabla yake, Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikuwa umeuliza kila mfuko utumike mara ngapi ili athari yake kwa tabianchi isizidi ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Jibu lilikuwa mara 3 kwa mfuko wa karatasi, 11 kwa mfuko wa polipropilini usiofumwa, na 131 kwa mfuko wa pamba. Iwapo ule mwepesi ungetumika tena nyumbani kuwekea taka, wa pamba ungehitaji safari 327.

Tuzihamishie hesabu hizo kwenye nyanda za juu za Kigoma. Mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki atatimiza safari 11 kabla wiki ya sita haijaisha, na safari 131 kwa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Ule usiofumwa ndio tunaouita mfuko mbadala tangu tarehe 1 Juni 2019, siku Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi hawajui kwamba polipropilini yake nayo ni plastiki. Ukitumika miezi sita umeshinda kabisa. Ukitumika mara moja na kutupwa, umeleta madhara makubwa kuliko rambo iliyokatazwa, kwani ni mzito zaidi na umemeza malighafi nyingi zaidi. Karatasi nayo, hata ile ya kahawia inayotoka Mgololo wilayani Mufindi, haiwezi kuhakikishiwa safari zake tatu katika mvua za kuanzia Novemba hadi Mei. Mfuko ulioloa ukapasuka maharage yakamwagika haujafanya kazi yake hata mara moja.

Kisha kipo chombo ambacho tafiti hizo mbili hazikukipima: kiroba kilichokwisha kubeba unga au mchele. Nacho ni plastiki, ila ni ya kufumwa, na hakikutengenezwa kwa ajili ya safari ya sokoni. Sehemu kubwa ya madhara ya kukitengeneza ni haki kuhesabiwa kwenye kazi yake ya kwanza. Safari ya sokoni inadaiwa kidogo tu, labda uzi na mikono ya kushonea. Katika wilaya hizi zilizopokea wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, ambako chakula cha msaada kimekuwa kikifika kwenye mifuko ya namna hiyo, malighafi haikosekani. Kwa kipimo hiki, kiroba kilichoshonwa kinaushinda mfuko wa pamba mpya.

Litaulizwa: takwimu za Ulaya zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa mantiki yake kuliko kwa tarakimu zake. Denmark huchoma taka katika mitambo inayozalisha umeme na joto, na watafiti wake waliona mifuko inayozagaa ovyo kuwa michache mno kuhesabiwa. Huku taka za plastiki huchomwa wazi, moshi ukawafikia watoto, au husombwa na maji kuelekea bonde la Malagarasi. Hapo ndipo lilipo jibu la pingamizi zito zaidi, kwamba hesabu hizi ni silaha ya wanaotaka rambo irudi. Tathmini huwa na safu nyingi, na mshindi wa safu moja huweza kuanguka katika nyingine. Pamba ya kawaida ilitajwa na Denmark kuhitaji matumizi 7,100 kwa sababu ya safu moja tu, ya tabaka la ozoni. Kwa tabianchi ilihitaji 52. Marufuku ya 2019, kama ile ya Kenya ya 2017, inasimama juu ya safu ambayo Ulaya iliiacha tupu: mifereji iliyoziba, mifugo iliyomeza plastiki, mashamba yaliyojaa vipande visivyooza. Anayetumia hesabu ya tabianchi peke yake kuipinga amesoma ukurasa mmoja wa daftari.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye duka si kama mfuko ni wa karatasi, pamba au plastiki, bali utahimili safari ngapi. Kabla ya kununua mwingine mlangoni pa soko, beba ule ulio nyumbani, ushone ukichanika, na mfuko uliowahi kubeba mbolea au dawa ya shambani usiutie chakula kamwe.