Kiwanja Kilichogeuzwa

Nilianza kubeba mifuko ya gofu Nairobi nikiwa na miaka 14. Kedi mzee aliyenifunza kazi hakuanza na fimbo. Alinisimamisha nyuma ya mchezaji akaniuliza, "Mpira huu ukitua, wa pili utapigiwa wapi?" Nikamwonyesha bendera. Akatikisa kichwa. "Bendera haiendi popote, kijana. Tafuta kwanza pa kuijia."

Swali hilo nilikwenda nalo hadi St Andrews, mji wa pwani ya mashariki ya Scotland. Nilifika Jumapili, siku ambayo uwanja wa Old Course kwa kawaida hauchezwi. Siku hiyo uwanja huwa bustani ya mji: wazee wanatembeza mbwa, watoto wanakimbizana juu ya nyasi zilizowaliza mabingwa wa dunia. Sikusikitika. Uwanja mtupu husomeka vizuri.

Ardhi ile ni ya umma, na haikubaki hivyo kwa bahati. Mwaka 1457 Bunge la Scotland lilipiga gofu marufuku, likitaka vijana wajifunze upinde. Marufuku hayakushika. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipewa ruhusa ya kufuga sungura kwenye ardhi ile ya mchanga, na hati hiyohiyo ikathibitisha haki ya wenyeji kucheza gofu na kandanda na kulisha mifugo. Mwishoni mwa karne ya 18 mji uliishiwa fedha, ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, na wanyama hao wakauchimbua uwanja. Ugomvi ulifika mahakamani, ukatulia mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba jirani na mpenzi wa gofu, alipoinunua. Mwaka 1894 mji ukaipata tena kwa sheria ya Bunge.

Nayataja haya kwa sababu mbinu za kucheza pale hazikuchorwa na fundi mmoja. Zilitokana na nyayo. Hapo kale ilikuwepo njia moja nyembamba kati ya vichaka vya miiba. Watu walikwenda nayo hadi mwisho, wakageuka na kurudi wakilenga mashimo yaleyale. Safari moja ilikuwa na mashimo 22. Mwaka 1764 manne ya mwanzo yakaunganishwa yakawa mawili, nayo yakichezwa kwenda na kurudi, hesabu ikashuka hadi 18. Idadi hiyo ndiyo dunia nzima inayoifuata leo.

Wachezaji walipoongezeka, waendao na warudio wakawa wanagongana. Miiba ikafyekwa, njia ikapanuliwa, na kila grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, ikachimbwa mashimo mawili: bendera nyeupe kwa anayekwenda, nyekundu kwa anayerudi. Hadi leo grini saba ni za pamoja, na ukijumlisha namba za mashimo yanayoshiriki grini moja, kila mara unapata 18: la 2 na la 16, la 5 na la 13, la 8 na la 10.

Kisha akaja Tom Morris, mzaliwa wa mji huo, aliyeutunza uwanja kuanzia miaka ya 1860 hadi 1903. Karibu mwaka 1870 alitengeneza grini mpya ya shimo la kwanza, kando ya kijito cha Swilcan. Kabla ya hapo mchezaji alianzia palepale lakini akaelekea grini ambayo leo ni ya shimo la 17, akauzunguka uwanja kama mishale ya saa. Grini mpya iliwezesha kuzunguka kinyume chake. Kwa muda njia hizo mbili zilipokezana. Mwishowe mpya ikashinda.

Jumapili ile niliamua kutembea kama watu wa kale. Kutoka mwanzo nikaelekea grini ya 17, nikaendelea kurudi nyuma, la 16, la 15. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote. Mabanka, yale mashimo ya mchanga ambayo ukicheza leo huyaoni mpaka mpira umezama, yalianza kunifumbulia midomo moja baada ya jingine. Kutoka upande huu yalikuwa wazi kabisa. Wenyeji husema mengine yalianzia pale kondoo walipojikunyata kukwepa upepo. Hayakufichwa na mtu yeyote. Mchezo ndio uliogeuka, ardhi ikabaki inatazama ilikokuwa ikitazama.

Kugeuka huko ndiko kulikozaa kanuni ya Old Course: kushoto ni salama, kulia ndiko kwenye njia. Kwa kuwa sasa watu huzunguka kinyume cha saa, kushoto daima kuna nyasi pana za wanaorudi. Mwoga ana nafasi tele. Lakini akishatua huko, mara nyingi banka limesimama kati yake na bendera. Aliyethubutu kulia, karibu na mpaka, ndiye aliyefunguliwa mlango.

Shimo la 14 lina uwanda uitwao Peponi, na mbele yake banka liitwalo Jehanamu. Nilisimama ukingoni mwake: ukuta wake unanizidi kimo. Mwenye busara hupita kushoto, kwenye nyasi za shimo la 5, akaizunguka Jehanamu. Mwaka 1995 Jack Nicklaus, aliyekuwa ametwaa mataji mawili ya mashindano makubwa hapohapo, alitumia mikwaju 10 kwenye shimo hili.

La 17 ndilo darasa kuu. Yadi 495, na mkwaju wa kwanza unapita juu ya kona ya hoteli, pale yalipokuwa mabanda meusi ya reli. Anayekwepa kona hiyo kwa kwenda kushoto hukuta grini imelala kimshazari, banka likiwa mbele yake na barabara ya mji nyuma. Mwaka 1978 Tommy Nakajima alikuwa tayari juu ya grini kwa mikwaju miwili. Mpira aliousukuma ukateremka hadi bankani, akamaliza kwa mikwaju tisa. Mwaka 1984 mpira wa Tom Watson uliipita grini ukasimama karibu na ukuta ng'ambo ya barabara, na Seve Ballesteros akatwaa taji. Jibu la makedi wa pale ni la unyenyekevu: tua kulia, chini kidogo ya grini, kisha uupandishe mpira taratibu.

Nikiwa juu ya barabara hiyo nilimkumbuka mzee wangu. Swali lake ni lilelile ambalo mji huu ulijiuliza mbele ya wenye sungura: tukishatua hapa, wanaofuata watacheza wapi? Kesho yake, Jumatatu asubuhi, nilirudi nikamkuta mgeni na mwenyeji wakiingia uwanjani pamoja, baada ya majina yao kutokea kwenye kura moja ya kugawa nafasi za kucheza.