Tezi za Adrenali na Mimba za Mwaka 1994

Juu ya kila figo la binadamu pamekaa tezi ndogo ya adrenali, ambayo kwa asili yake ni tezi mbili ndani ya ganda moja. Sehemu ya nje hutoa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili dhiki. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini. Mwitalia Bartolomeo Eustachi alizieleza mwaka 1563, lakini kazi ya tezi hizo ilibaki fumbo kwa karibu miaka 300. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London aliandika habari za wagonjwa waliodhoofika na kubadilika rangi ya ngozi, tezi hizo zikiwa zimeharibika. Mwaka uliofuata Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, aliwakata wanyama tezi zote mbili, nao wakafa.

Asili ya sehemu hizo mbili ilichukua muda zaidi kujulikana. Katikati ya karne ya 19 Albert von Kölliker alishikilia kuwa sehemu ya ndani ina nasaba na mfumo wa neva. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Ufaransa katika miaka ya 1970: Nicole Le Douarin alipandikiza seli za kware katika viinitete vya kuku, na kwa kuwa seli za kware hutambulika kwa darubini, safari yake ilionekana kutoka mgongoni hadi ndani ya tezi. Ni jaribio la ustadi mkubwa. Hata hivyo halikufunga mjadala, kwani mwaka 2017 utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha kuwa nyingi ya seli hizo hufika baadaye, zikifuata neva zilizokwisha kuota.

Kwa binadamu, sehemu ya nje huanza kuumbika karibu na wiki ya 5 ya mimba, na seli zenye nasaba ya neva huanza kuingia wiki mbili hivi baadaye. Kisha tezi hukua upesi kupita kiasi, kwa sababu ya ukanda wa muda unaotengeneza malighafi ya estrojeni kwa ajili ya kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa ukanda huo hunywea na kutoweka. Kabla ya hapo, kotisoli ya kijusi chenyewe hukomaza mapafu. Ile ya mama huzuiwa kwa sehemu kubwa na kimeng'enya cha kondo, lakini si yote, hivyo dhiki ya mama inaweza kukigusa kijusi.

Hapo ndipo habari hii inapoifikia Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu walipelekwa kuuawa kwenye makaburi ya mji, mahali palipoitwa Commune Rouge, ambapo leo pana kumbukumbu. Katikati ya Julai mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka hapo kuingia mji wa Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Wajawazito waliopita katika hofu hiyo walikuwa wamebeba vijusi ambavyo tezi zake zilikuwa bado zinaumbika.

Mwaka 2014 Nader Perroud wa Geneva, pamoja na wenzake akiwemo Leon Mutesa wa Rwanda, walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji na watoto wao, wakiwalinganisha na wengine 25 wa jamii hiyo hiyo waliokuwa wajawazito wakati huo bila kuyapitia. Mama na watoto wa kundi la kwanza walikuwa na kotisoli ndogo zaidi, na jeni la kipokezi chake lilibeba alama nyingi zaidi za kemikali zinazolizima. Idadi hiyo ni ndogo mno kusemea kizazi kizima, na haitenganishi athari za tumboni na za malezi yaliyofuata. Utafiti mpana zaidi unahitajika, na ufanywe wakati akina mama hao wangali hai kueleza waliyoyapitia.